Radhi ya Mwalimu Stefano

Walimu wenzangu, tangu nirudi kila mmoja wenu amenivizia kwa wakati wake, mmoja jikoni, mwingine kwenye foleni ya sukari, akaniuliza, "Adela, huko Kigoma kulikuwaje?" Nami kila mara nimesimulia kipande nikakatisha. Sasa nimeandika yote kwa mara moja, msome wenyewe, kwa sababu kuna mahali nikifika sauti inanigomea. Habari za tikiti na barua za ruhusa nimeziruka. Hizo mnazijua, na hazijawahi kumfurahisha mtu.

Kwanza mjue kilichonipeleka. Mwalimu Stefano alinifundisha darasa la kwanza hadi la nne katika kijiji cha Nyamsanga, ufukweni mwa ziwa, kaskazini ya Kibirizi. Nilipomaliza darasa la nne, baba alikuwa ameshazungumza na watu waliotaka kuniposa. Mwalimu alikuja nyumbani siku tatu mfululizo. Alipewa kigoda, akakikataa, akakaa chini, akamwambia baba, "Niachie huyu akasome. Atarudi mwalimu, na shule yetu ataishika yeye." Baba akanigeukia, akaniuliza kama kweli nitarudi. Nikasema nitarudi. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu.

Sikurudi. Baada ya kuhitimu ualimu nilitakiwa kwenda kufundisha Kigoma mara mbili. Mara ya kwanza nilisema ninaumwa. Mara ya pili nilisema ninamuuguza mama, na mama yangu alikuwa amekwisha kufa miaka mitatu nyuma. Mlikuwa hamlijui hilo, sasa mnalijua. Morogoro ilikuwa imeninogea, na Nyamsanga niliiona kama nguo ya utotoni isiyonienea tena.

Kisha, wiki chache kabla ya likizo, alipita hapa shuleni mwanamume mmoja niliyesoma naye. Hakukaa hata robo saa, wala sikuwahi kumuuliza mengi. Aliniambia, "Mwalimu Stefano hajiwezi. Kama una neno naye, wahi." Nilikuwa na neno naye. Nilitaka anipe radhi yake kabla hajaondoka duniani, maana nimelelewa kuamini kwamba elimu ambayo mwalimu ameinung'unikia haina baraka, na miaka yote hiyo nilikuwa nasimama mbele ya watoto nikiwa na deni hilo.

Morogoro hadi Malagarasi

Ndani ya treni niliketi na mama mmoja wa Tabora aliyebeba kuku wanne kwenye tenga. Alinipangia zamu ya kuwaangalia kana kwamba tulikubaliana. Kwenye kituo cha Saranda tulinunua kuku wa kuchoma, na nikaona aibu kumla mbele ya wale wa kwenye tenga, lakini mwenyewe mama hakuona aibu yoyote. Aliposhuka Tabora alinimiminia asali kwenye kikombe changu, akaniombea safari njema.

Baada ya Nguruka treni ilisimama. Mvua ilikuwa imejaza mbuga za Malagarasi na maji yalikuwa yamepanda juu ya reli. Tulikaa pale tangu asubuhi hadi jua linakaribia kuzama. Watu walishuka, wakawasha moto kando ya tuta, wakapika. Wanawake wa vijiji vya karibu walitokea na samaki wa kukaanga na viazi vitamu, sijui nani aliwapa habari upesi namna ile. Mimi sikula. Nilikuwa nahesabu saa.

Mzee mmoja Mha aliyekaa karibu alinitazama kwa muda, akaja na kipande cha muhogo, akaniita mwanangu kwa Kiha.

"Kula, mwana wanje. Aliyekufa hafufuki kwa njaa yako."

"Hajafa, mzee. Ni mgonjwa."

"Basi ndiyo ule zaidi. Utamuuguza kwa nguvu zipi?"

Nikala. Aliniuliza mgonjwa ni baba au mama, nikamwambia ni mwalimu wangu wa darasa la kwanza. Akatafuna, halafu akasema yeye hakumpata mtu wa namna hiyo, na angempata labda asingekuwa anasafiri na barua mfukoni akitafuta wa kumsomea. Nikamsomea. Ilikuwa ya mwanawe, inamwambia asisafiri kwanza kwa sababu ya mvua. Tulicheka sote wawili, yeye zaidi yangu.

Ujiji na Kibirizi

Nilifika Kigoma nimechelewa kwa siku nzima, nikaenda Ujiji kwa Mama Zaituni, mama wa rafiki yangu wa zamani, mwanamke wa Kimanyema asiyejua kusema polepole. Alinipikia ugali wa muhogo na samaki wa ziwani, mgebuka, aliyezama kwenye mawese. Nilipokula kwa ncha za vidole alinigombeza, akaniuliza huko Morogoro tunakula nini, majani?

Nilimwambia ninakwenda Nyamsanga. Sauti yake ikashuka.

"Vyema, mwanangu. Wengi hawakumbuki kwenda. Nenda kawasalimie."

Asubuhi nilipokuwa natoka akanipa jembe dogo la mpini mfupi, limefungwa kwenye kanga. Nilishukuru. Nilidhani ni zawadi ya Mwalimu, na njiani nilimlaumu kimoyomoyo: mtu hajiwezi, unampelekea jembe! Lakini zawadi ya mkubwa haikataliwi.

Ufuko wa wavuvi wa Kibirizi niliukuta umetulia. Nilikuwa nimesahau kwamba zilikuwa siku za mbalamwezi. Mwezi ukiwa mkubwa dagaa hawaifuati taa ya mvuvi, kwa hiyo mitumbwi hupandishwa mchangani na watu hushona nyavu. Mwanamume wa makamo aitwaye Saidi alikuwa na mtumbwi wa mashine, naye alikuwa ameketi juu ya wavu, uzi mdomoni.

"Nipeleke Nyamsanga, kaka."

Akatazama jembe langu. Akavua kofia.

"Pole, dada. Twende."

Nilidhani ni pole ya safari.

Ziwani

Ziwa lilikuwa tulivu na milima ya Kongo inaonekana ng'ambo. Saidi hakunisemesha njia nzima. Nami, ambaye mnajua siwezi kunyamaza, nilinyamaza, kwa kuwa nilikuwa nayapanga maneno yangu. Nitaanza na shikamoo. Nitapiga magoti. Uongo wa mama nitausema mwanzoni, kabla woga haujanirudia.

Tulipozunguka ile rasi ya mawe niliinuka kuangalia nyumba. Hapakuwa na nyumba. Kulikuwa na kuta za udongo zilizoanguka nusu, mapaa yameezuliwa, na magugu yamefika madirishani. Hata mbwa hakubweka.

Saidi akavuta mtumbwi mchangani. "Makaburi yako upande ule wa michikichi. Mimi nitakungoja hapa, usiwe na haraka."

"Makaburi ya nani? Ninamtaka Mwalimu Stefano."

Akaketi ukingoni mwa mtumbwi. "Kumbe hukujua! Dada yangu, huku hakuna mtu, ni mwaka wa pili sasa. Tulihamishwa wote kwa ajili ya vijiji vya ujamaa. Wanaokuja na jembe siku hizi huja kupalilia makaburi ya wazee wao. Mimi nilikuona na jembe, ningekuuliza nini?"

Ndipo nilipoielewa zawadi ya Mama Zaituni. Nilikasirika, na sikuwa na wa kumkasirikia. Nani angeniandikia barua, mimi nisiyewaandikia watu?

Saidi akanieleza: wavuvi waliruhusiwa kukaa karibu na maji, huko Kibirizi, na waliokuwa wakilima walipakiwa kwenye malori kwenda vijiji vya barabarani, upande wa Kidahwe. Mwalimu alikuwa ameshastaafu, alikuwa na shamba la muhogo, kwa hiyo alipakiwa na wakulima. Shule mpya ina walimu wake vijana. Saidi hakujua nyumba yake iko wapi huko.

Tulipanda hadi shuleni. Mabati yalikuwa yamechukuliwa, mvua ilikuwa imeingia. Ukutani bado kulikuwa na lile pande jeusi la masizi na maji ya majani ambalo Mwalimu alilipaka mwenyewe kila muhula, maana ubao haukuletwa kamwe. Saidi akaenda akasimama pembeni karibu na mlango.

"Mimi nilikaa hapa."

"Wewe? Mbona sikukuona?"

"Ulikuwa umeshakwenda. Baada ya Uhuru alitufuata kule mchangani. Akasema, 'Siku za mbalamwezi hamvui, mnalala na kugombana na wake zenu. Siku hizo nipeni mimi.' Ikawa hivyo. Watoto asubuhi, wavuvi mchana, mwezi ukiisha tunarudi majini. Mkaguzi alikuja siku ya giza, sisi tumerudi kuvua, akakuta darasa la watu wazima tupu, akaandika kwamba mwalimu anadanganya. Mwalimu hakubishana. Akamwambia, 'Rudi mwezi ukiwa mkubwa.'"

"Akarudi?"

"Hakurudi. Sisi tulirudi." Akapangusa ukuta kwa kiganja. "Nilikuwa na miaka thelathini na nne, dada, nikijifunza a, e, i na ndevu zangu. Hakuna siku aliyonicheka."

Nilikwenda kwenye michikichi na jembe langu. Kaburi la mama, kando ya la baba, nililikuta kwa sababu ya jiwe jeupe. Nilipalilia mpaka mikono ikatoka malengelenge, nikamwomba msamaha kwa kumuuguza akiwa maiti. Saidi alichota maji ziwani akaja kuninawisha bila kuuliza kitu.

Barabara ya Kidahwe

Kesho yake nilipata lori lililobeba magunia ya chumvi kwenda Kasulu. Lilikwama matopeni mara mbili. Mara ya pili dereva alituambia wanaume wasukume na wanawake waombe. Mimi nilisukuma, na mwanamume mmoja akaomba.

Kijiji kilikuwa mbele kidogo ya Kidahwe, nyumba zimepangwa kwa mistari, kila mtu katoka kwake na wengi hawajuani. Nilimuuliza mtu wa kwanza niliyemwona, "Mwalimu Stefano anakaa wapi?" Akanielekeza upesi. Nilikwenda mbio. Kumbe nilikuwa ninapelekwa kwa kijana wa miaka ishirini na tatu, Mwalimu Stefano wa darasa la tatu, mwenye viatu vya kuazima. Alipomwona mwanamke mgeni mwenye mkoba na matope aliamini mimi ni mkaguzi. Kabla sijafungua mdomo ameshaniwekea meza, chai, na maandalio yake yote ya masomo ya muhula.

"Samahani ndugu, kile kipindi cha kilimo tulikiruka kwa sababu ya mvua tu."

Nilikunywa chai yake. Nilipomweleza alipumua kama aliyetua mzigo. Hakumjua mwalimu yeyote mzee. Tulikwenda kwa mwenyekiti, naye akapitisha kidole kwenye orodha ya wanakijiji, mstari kwa mstari. Hakukuwa na Stefano mwingine. Nilizunguka nyumba hata nyumba mpaka jua likapungua, mistari ya mwisho sijaifikia, na jibu likawa lilelile. Nilianza kuamini kwamba Saidi alikosea, au kwamba nimechelewa na mtu wangu amezikwa mahali bila jina.

Mwenyekiti alinipeleka nikapumzike kwa Mama Nyabenda, mjane anayekaa mstari wa mwisho. Asubuhi, akinipa uji, aliniuliza huyo ninayemtafuta yukoje.

"Mrefu. Kidole chake cha kuonyeshea, cha mkono wa kulia, hakikunjiki. Chaki huishika kwa vidole vingine."

Mama Nyabenda akaweka kata chini. "Huyo si ndiye Baba Adela? Yuko nyumba ya pili kutoka hapa. Ndiye aliyenifundisha kuandika jina langu kwa mkaa, hapa mlangoni, tazama. Hajainuka kitandani mwezi mzima sasa."

"Hapana, mama. Mwalimu wangu hakuwa na mtoto."

"Anaye. Binti, ni mwalimu huko mbali. Kila siku anasema atakuja." Akanitazama vizuri. "Na wewe, mwanangu, hujaniambia. Unaitwa nani?"

 Nilitoka nje na bakuli la uji mkononi.

Nyumba ya pili

Alikuwa amelala kwenye kitanda cha kamba karibu na mlango, ili apate mwanga. Amebaki mifupa, lakini macho ni yaleyale.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba." Akanitazama kwa muda. "Umechelewa kipindi."

"Nimechelewa, Mwalimu."

Nilipiga magoti. Maneno niliyoyapanga ziwani yote yalipotea, nikasema yaliyobaki: kwamba niliitwa mara mbili nikakataa, kwamba nilisingizia ugonjwa, kwamba nilimtumia mama aliyekufa. Nikamwambia nimekuja kuomba radhi. Alisikiliza akiwa amefumba macho, kama alivyokuwa akisikiliza mtoto anayesoma kwa kusitasita.

"Hilo la mama yako, mwombe yeye."

"Nimemwomba. Nilikuwa kaburini kwake juzi."

"Basi langu nimeliachia zamani. Radhi unayo." Akapumzika. "Lakini na mimi nina la kukuomba wewe."

Nikamwambia hana la kuniomba.

"Ninalo. Walipotushusha kwenye malori, mwenyekiti alikuwa anaandika watu. Kila mmoja anasema, Baba fulani, Mama fulani. Watu hawajuani, wanaandikwa kwa watoto wao. Mimi nikafika mbele. Unajua kwetu, mtu mzima akiitwa jina lake tupu ni kama mtoto, hata kikaoni wanamruka. Nikasema, Baba Adela. Sikukuomba ruhusa. Nimekula jina lako miaka miwili. Unisamehe."

"Umefundisha watu wengi, Mwalimu. Kwa nini mimi?"

"Hao wengine hawakusema watarudi," alisema. "Wewe ndiye niliyekuwa nakungoja."

Nililia, sina haja ya kuwaficha. Nililia kwa aibu kwanza, na baadaye kwa kitu kingine ambacho sijakipatia jina. Nilipoweza kusema, nilisema neno moja tu, "Baba," naye akatikisa kichwa kukubali kama mtu aliyesikia jibu sahihi.

Nilimuuguza siku tano. Mama Nyabenda alipika, mimi nilimwosha na kumsomea gazeti la zamani, na nilipokimbiza maneno alinyanyua kile kidole kisichokunjika, nikarudia sentensi. Siku ya tano asubuhi nilisoma aya nzima kwa haraka na kidole hakikunyanyuka.

Kuanua tanga

Tulimzika kijijini palepale. Dereva wa lile lori la chumvi, akirudi kutoka Kasulu, alikuwa amepeleka habari Kibirizi, na kabla ya mazishi nilimwona Saidi anakuja kwa miguu barabarani, nyuma yake wanaume wengine kumi na kitu, mabega ya wavuvi, nguo za kwendea kanisani na msikitini. Mbalamwezi ilikuwa imekwisha. Dagaa walikuwa wanavulika, na hawa walikuwa wamekaa Kidahwe kwenye majamvi, siku zote tatu za matanga.

Mnanitazama kitambaa ninachofunga kichwani tangu nirudi, mkiogopa kuuliza. Ni hivi. Siku ya tatu, tanga lilipoanuliwa, mzee wa kijiji alisimama akasema watoto wa marehemu waje wanyolewe, kama desturi ilivyo. Bibi mmoja alikuwa ameshakaa tayari na wembe na bakuli la maji. Watu wa kijiji wakageuka kunitazama mimi. Nilijua kuna ambao wangesema huyu si wa damu, na kwamba baba yangu aliyenizaa amelala Nyamsanga. Nilivua kilemba, nikaenda nikaketi mbele ya bibi. Nywele zilianguka kwenye mapaja yangu na nikaona nyeupe mbili tatu ambazo nilikuwa sizijui.

Nilipoinuka nilimkuta Saidi ameketi nyuma yangu, kofia mkononi. Nyuma yake Mama Nyabenda, amefungua kitambaa chake. Nyuma yake wavuvi, mmoja baada ya mwingine, Waislamu na Wakristo, wengine wazee kumzidi marehemu, wamepanga mstari ulionyooka kama wanaongoja kuingia darasani. Hakuna aliyewaita na hakuna aliyesema neno.

Mzee wa kijiji akamtazama bibi. Bibi akautazama ule mstari mpaka mwisho wake, akaupima wembe kwa kidole gumba.

"Leteni wembe mwingine," akasema.